Karatasi ya Mfuko wa Simenti

Aliyeleta kazi ile alikuwa muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha uzazi, upande wa Lweba. Alifika dukani kwangu mjini Baraka asubuhi akiwa na mfuko wa nailoni, akaumwaga juu ya meza. Zilidondoka chaja nne, zote zimeungua, moja imeyeyuka hadi ikafanana na sabuni iliyosahaulika majini. Betri yao ya sola ilikuwa imevimba na kufa, aliniambia, wakabaki na jenereta peke yake, ambayo kwetu tunaiita grupe. Grupe hiyo ilikuwa imechoka. Friji ya chanjo ikiamka, umeme unazama. Friji ikinyamaza, umeme unaruka juu. Kila chaja waliyonunua sokoni haikumaliza wiki.

Alitaka sanduku la kutoa volti kumi na mbili zilizotulia, zisizopanda wala kushuka, kwa ajili ya vitu viwili. Cha kwanza ni taa ya juu ya kitanda cha kuzalia. Cha pili ni aspirateri, pampu ndogo ya kunyonya ute kwenye pua na kinywa cha mtoto anayezaliwa akiwa kimya.

"Siku hizi mukunga anaweka mupira mu kinywa ya mutoto, anavuta na mudomo yake mwenyewe," alisema. Nikakubali kazi siku hiyo hiyo.

Ufundi huu nilirithi kwa baba yangu. Tulikimbilia Tanzania nikiwa mtoto, na huko kambini, chini ya turubai, baba alikuwa akizungusha upya transfoma za redio na amplifaya za makanisa. Tuliporudi kwa boti, kuvuka ziwa, na kushuka Baraka, watu sokoni walicheka Kiswahili changu cha ng'ambo, lakini redio zilizokufa walizileta. Wakati wa kazi hii ninayoisimulia, baba alikuwa ameshazeeka. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akibakiwa na uwezo wa kutofautisha mlango na ukuta tu. Mikono yake ndiyo iliyoendelea kuona. Alikaa nyuma ya duka na kifaa chake cha mbao chenye mkono wa baiskeli, akizungusha waya wa shaba, akihesabu kwa Kibembe kwa sauti ya chini. Kila akifika mia alidondosha punje ya mahindi kwenye kopo, asije akapotea.

Umeme uliotulia unaanzia kwenye transfoma, wala si kwenye vile vidude vidogo ambavyo wateja wanapenda kuvitazama. Transfoma inapokea umeme mkubwa na kuupunguza. Diodi nne zinaunyoosha, kapasita kubwa inajaza mabonde yake, na mwisho kuna saketi inayoukata mpaka kumi na mbili kamili. Saketi hiyo haiwezi kuongeza kilichopungua. Kazi yake ni kukata kilichozidi. Basi nilikwenda Lweba, nikakaa kutwa nzima na mita yangu nikipima grupe. Ilishuka hadi volti mia na themanini, ikapanda hadi mia mbili na hamsini. Nikichagua transfoma ya volti kumi na tano, grupe ikizama pampu itakufa njaa. Nikichagua ya ishirini na nne, ziada yote itageuka joto ndani ya sanduku. Nilipiga hesabu mara tatu na kila mara nikapata jibu lile lile: volti kumi na nane, ampia tano, na kiini cha chuma kizito kama tofali.

Transfoma ya namna hiyo haikuwepo Baraka. Nilikuwa na kiini kizuri kutoka kwenye stabilaiza iliyoungua, chenye upana unaotosha. Nikakokotoa mizunguko: mia saba na sabini kwa koili ya kwanza, ile inayopokea umeme wa grupe, na sitini na sita ya waya mnene kwa koili ya pili, ile inayokwenda kwa watu. Waya nilikuwa nao. Nilichokosa ni karatasi.

Kati ya koili ya kwanza na ya pili panawekwa karatasi ngumu ya kuhami, safu kadhaa, zilizolowekwa vanishi. Umeme unaoua uko chini ya karatasi hiyo, na juu yake ni umeme ambao mtoto anaweza kuushika asidhurike. Baba alikuwa amenifundisha hilo kabla hajanifundisha kitu kingine chochote. Kambini aliwahi kuvunja kwa nyundo transfoma niliyoifunga kwa siku tatu, kwa sababu nilikuwa nimeruka safu moja. Aliniambia, "Pale katikati njo muntu anakaa," yaani pale ndipo uhai wa mtu ulipo. Nililia sana siku ile.

Bunda letu la karatasi lilikuwa limeisha. Niliagiza Uvira, lakini wiki zile magari yalikuwa yameacha kupita njia ya huko, upande wa Makobola. Wenye malori walikaa Baraka wakinywa chai, na kila mmoja alikuwa na habari yake ya kwa nini haendi. Niliagiza pia ng'ambo ya ziwa, wakaniambia nisubiri. Wakati huo muuguzi mkuu alikuwa ananiandikia kila baada ya siku mbili. Mara ya mwisho aliandika kwamba mtoto mmoja hawakumwahi.

Nilisoma ujumbe huo nimesimama dukani. Kando ya mlango palikuwa na mfuko mtupu wa simenti, mafundi waliokuwa wakijenga jirani walikuwa wameuacha. Nilichukua tabaka lake la ndani, lile safi la kahawia, nikalipangusa vumbi, nikalikata kwa upana wa koili. Nikalipaka vanishi. Vanishi nayo ilikuwa imebaki kidogo, ikashika sehemu nyingine na nyingine isishike. Nilijiambia kwamba karatasi ni karatasi, na kwamba nyingine ikifika nitakifungua kisanduku na kukirekebisha.

Baba alikuwa amemaliza koili ya kwanza. Nilimkabidhi kazi ikiwa imeshafungwa karatasi ile, ili aanze ya pili. Alipitisha vidole juu yake, akarudia tena, polepole.

"Mama," aliniita mimi bintiye kama kawaida yake, "hii karatasi umetoa wapi?"

"Ni ile ile, papa. Kipande kilibakia chini ya kabati."

Kidole gumba chake kilibaki juu ya karatasi. Kisha akaanza kuzungusha waya mnene na kuhesabu. Alihesabu hadi sitini na sita bila kunisemesha tena, na alipomaliza akaomba apelekwe nje akaote jua.

Kisanduku kilipokamilika kilikuwa kizuri. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikipaka rangi ya kijivu, nikaweka swichi nyekundu na taa ndogo ya kijani, na nyuma bati nene la aluminiamu la kupoza. Nilipima kwa mita kati ya koili mbili, mita ikaonyesha hakuna kitu kinachopita. Ilikuwa mwezi wa jua kali na kila kitu kilikuwa kikavu. Nilikipeleka Lweba mwenyewe, nikakifunga ukutani pembeni ya kitanda, nikaunganisha taa yenye shingo ya chuma na ile pampu. Mkunga alikuwa mama mnene wa makamo, mtu wa kucheka, mzaliwa wa huko huko. Alibonyeza swichi, pampu ikanguruma, akaweka kidole kwenye mdomo wa mpira kikanyonywa. Alinikumbatia hadi nikaona haya.

Miezi miwili nilisikia habari njema tu. Kisha mvua zikaanza.

Mwaka ule zilikuja kwa hasira. Maji ya ziwa yalikuwa yameshakula nyumba za chini miaka ya nyuma, na sasa hata barabara ya juu iligeuka tope. Nguo hazikukauka ndani ya nyumba. Chumvi iliyeyuka kwenye kopo. Siku moja nilimkuta baba akipapasa ukuta wa duka kwa kiganja, kisha akakinusa.

Wiki ya pili ya mvua mkunga alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka. "Fundi, kisanduku yako iko inanikula mikono, kama vile siafu. Nikigusa ile shingo ya taa, siafu. Lakini iko inatumika muzuri, usiwe na wasiwasi."

Ninakumbuka mahali nilipokuwa nimekaa na kikombe nilichokuwa nimeshika. Nilijua papo hapo ni nini. Karatasi ya mfuko ilikuwa inakunywa unyevu. Kisanduku kilipata joto kikiwa kazini, kisha kikapoa na kuvuta hewa yenye maji, siku baada ya siku, na umeme wa chini ulikuwa unatafuta njia ya kupanda juu. Nilipaswa kumwambia azime, asikiguse tena. Badala yake nilimjibu kwamba ni unyevu wa mvua tu, avae kandambili za plastiki na asimame juu ya ubao.

Nilijitetea moyoni. Akizima, watoto watavutwa tena kwa mdomo. Karatasi ya ng'ambo inakaribia kufika. Barabara ni mbaya. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na bado nilikuwa naogopa tu kusema nilichofanya.

Alituma ujumbe mwingine baada ya siku chache, kuhusu jambo tofauti kabisa, dawa fulani aliyotaka nimwulizie Baraka. Sikuusikiliza kwa ajili ya dawa. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo mzito, wa chini, na ndani yake mkwaruzo kama mtu anayepasua kitambaa mbali. Niliurudia mara nyingi. Baba, aliyekuwa amelala kwenye mkeka wake nyuma, aliinuka akakaa.

"Hicho kinacholia njo kile cha Lweba?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Enda," alisema. "Enda leo."

Nilipanda pikipiki mchana ule ule. Mvua ilikuwa haijanyesha bado lakini mbingu juu ya ziwa ilikuwa nyeusi hadi chini, na upande wa milimani radi ilikuwa inatembea bila kupiga. Dereva hakutaka kwenda. Alikubali kwa sababu nilimwambia ni mambo ya kituo cha uzazi. Njiani tulikuta watu wengi wanatembea haraka kurudi majumbani mwao, wamejitwisha majembe na mihogo, na hakuna aliyetusalimia. Kwenye daraja moja mbao mbili zilikuwa zimeondoka, tulishuka, tukasukuma. Mvua ilitushika hapo. Wakati wote nilikuwa najaribu kukumbuka kama nilipaka vanishi kwenye kingo za karatasi, na sikuweza kukumbuka.

Nilisikia grupe kabla sijakiona kituo. Mngurumo wake ulikuwa wa kazi, si wa kupumzika, nikajua kuna mama kitandani. Grupe ilikuwa imewekwa chini ya kibanda nyuma, miguu yake ya chuma ndani ya tope, na waya wake mmoja ulikuwa umefungwa kwenye mwili wake. Niliona hayo nikipita mbio. Maana yake ni kwamba ardhi yote iliyolowa pale ilikuwa upande mmoja wa umeme, na kisanduku changu kilikuwa kinaleta upande wa pili.

Ndani, paa lilikuwa linavuja karibu na mlango na maji yametambaa hadi chini ya kitanda. Mama aliyekuwa anajifungua alikuwa msichana wa watu waliokimbia Burundi, analima na mume wake mashamba ya karibu. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Mkunga alikuwa amesimama juu ya ubao, amevaa kandambili za plastiki, kama nilivyomwelekeza.

"Zima kila kitu," nilisema.

"Haiwezekani sasa. Kichwa imeshafika."

"Mama, usiguse taa. Usiguse kisanduku. Hao siafu ni kosa langu. Niliweka karatasi mbaya ndani. Kinaweza kukuua, na yeye pia."

Aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa namna ile, wala kabla wala baadaye. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku nilipokifunga."

Msichana akalia kwa nguvu. Mkunga alirudisha macho kwake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Enda uzime. Kisha urudi unishikie tochi."

Nilikimbia nje, nikazima grupe. Nilipoingia tena chumba kilikuwa na mwanga wa kijivu wa dirisha tu. Niliwasha tochi ya simu nikaishika juu ya mabega ya mkunga. Mtoto alitoka muda si mrefu. Alikuwa wa rangi ya samaki aliyekaa juani, na mikono yake ilining'inia. Hakulia. Mkunga alimpangusa, akamsugua mgongo, akamgeuza. Kisha akatafuta ule mpira mwembamba bila kutazama, akauingiza kinywani mwa mtoto, upande mwingine akautia kinywani mwake, akavuta. Akatema chini. Akavuta tena, akatema. Pampu yangu ilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka pale, imenyamaza. Nilijaribu kuishika tochi isitikisike, nikashindwa, hata mkunga akaukamata mkono wangu kwa kiwiko chake na kuukandamiza ubavuni mwake ili utulie.

Mtoto alilia baada ya muda ambao siwezi kuupima. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha paka, kisha kikakaza.

Mama na mtoto walipotulia, mkunga alisukutua kinywa kwa maji, akakaa juu ya ubao ule na kujifuta uso. Alininyooshea mkono wa kulia. Kwenye ncha ya kidole cha kati kulikuwa na alama nyeupe ndogo, kama punje ya mchele. Aliniambia kwamba kidole kile hakisikii kitu, na kwamba wiki mbili hizo mkono unashtuka wenyewe akilala.

"Kuko mama mumoja, juma iliyopita," alisema. "Alikuwa anasema kitanda inamuuma. Anasema chuma inamuuma. Nikamwambia ni uchungu ya kuzala, avumilie. Nikamwambia ashike nguvu." Akakikunja kile kidole. "Mutoto yake ni muzima. Lakini nilimwambia ashike nguvu."

Nilikitoa kisanduku ukutani nikaenda nacho barazani, nikakifungua kwa bisibisi mvua ikiwa inanyesha mbele yangu. Nilivuta mabati ya kiini moja moja, nikafungua koili ya juu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Kutoka koili ya chini hadi ya juu kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama mzizi wa nyasi, wenye matawi. Tawi moja lilikuwa limeshafika. Nilipoligusa, karatasi ilipukutika kama majivu ya sigara.

Nilirudi Baraka jioni ile, nimelowa hadi mifupa. Baba alikuwa mlangoni. Nilimwambia yote ya Lweba, sikuacha kitu, pamoja na uwongo niliomwambia yeye.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Vidole yangu haijakufa."

"Mbona hukusema, papa?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Na mimi pia nimefanya vibaya." Alitafuta mkono wangu akaupata. "Ulifunga ngapi na ile karatasi?"

Hapa ndipo mahali ambapo hata katika kusimulia nimechelewa. Sikuwa nimemwambia mtu, na hata hapa sikuandika mapema, kwa sababu bado naona aibu. Nilimjibu baba kwamba vilikuwa viwili. Kisanduku cha Lweba kilipokuwa mezani kikifanyiwa majaribio, aliingia dukani mfanyabiashara wa samaki, mtu wa Kazimia, akakipenda. Alitaka cha namna hiyo hiyo kwa ajili ya kuchaji simu za watu nyumbani kwake. Karatasi ya mfuko ilikuwa imebaki, na kiini cha pili kilikuwepo. Nilikifunga mwenyewe, siku ambayo baba alikuwa kanisani. Mtu yule alikichukua akaondoka nacho kwa boti, na namba ya simu aliyoniachia ilikuwa haipatikani tena.

Karatasi halisi ilifika kutoka ng'ambo siku kumi baadaye. Nilifunga upya transfoma ya Lweba, na nyingine mpya ya yule mtu wa Kazimia, safu zote, nikazikausha juu ya makaa kwa siku mbili, baba akipitisha vidole kila hatua. Mkunga hakunikumbatia nilipokirudisha. Alimwaga ndoo ya maji sakafuni, akaniambia nivue viatu, nishike shingo ya taa kwa mkono mmoja na chuma cha kitanda kwa mwingine. Kisha akamwambia muuguzi mkuu awashe grupe. Nilisimama hivyo yeye akiwa anakunja mashuka, shuka moja baada ya jingine, bila haraka. Alipomaliza rundo lote ndipo akaniambia niachie.

Kesho yake nilikwenda Kazimia. Niliuliza bandarini, kwa wanaopakia samaki, kwenye kila nyumba yenye simu zimepangwa dirishani. Wengi walinitazama kwa mashaka, mwanamke mgeni anayemtafuta mwanaume bila kujua hata anakoishi. Mwishowe mama mmoja muuza dagaa alimkumbuka. Alisema yule alihama kabla ya mvua, yuko kusini zaidi, kwenye kijiji cha ufukweni ambacho barabara haifiki. Na kisanduku je? Alikwenda nacho, alisema. Kinaleta wateja.

Nilirekodi ujumbe kwenye simu ya mchuuzi aliyekuwa anakwenda upande ule. Nilisema wakizime, wasikiguse, nitawaletea kingine bure. Nilisema mara mbili, polepole, kwa Kiswahili cha hapa. Nikalala kwa watu wa kanisa letu, nikangoja.

Jibu lilikuja siku ya tatu, limerekodiwa kwenye simu ya mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mke wake nadhani, ya furaha. Alisema ujumbe wangu ulifika umekatika-katika, hawakuelewa vizuri, ila wananishukuru sana. Kisanduku kinafanya kazi. Mume wake yuko safarini, yeye ndiye anakiwasha kila siku. "Na batoto wanakipenda," alisema. "Mvua ikinyesha, wanakigusa wanacheka. Kiko kinawatekenya."

Nyuma ya sauti yake niliusikia ule mkwaruzo.

Boti ya kwanza iliyokuwa inaelekea huko ilikuwa imebeba chumvi na mabati. Nilimsihi mwenye boti, akanipa nafasi juu ya magunia. Tulikwenda kando ya ufuko siku hiyo yote na nusu ya siku iliyofuata, tukisimama kila kijiji kushusha mizigo, na kila tuliposimama nilishuka nikauliza kama kuna mtu ana simu inayoshika mtandao. Hakuna aliyekuwa nayo. Mvua ilikuja na kwenda. Nilikuwa nimekumbatia begi lenye vifaa vyangu na transfoma mpya, na sikuweza kula chochote walichonipa.

Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka majini. Niliitambua kwa waya wa simu zilizoning'inia dirishani na kwa mlio wa grupe ndogo nyuma. Sikubisha hodi. Nilizunguka nyuma nikazima grupe kabla ya kumsalimia mtu yeyote, na yule mwanamke akatoka jikoni kwa hasira, mikono ina unga, akiniuliza mimi ni nani.

Watoto watatu walikuwa wamejipanga ukutani, miguu mitupu kwenye udongo uliolowa, wakubwa wawili na mdogo wa miaka minne hivi. Nilijaribu kumweleza mama yao. Maneno hayakutoka vizuri. Yule mdogo alidhani nimekuja kwa ajili ya mchezo wao. Alinivuta sketi hadi kwenye kisanduku cha kijivu, akanyoosha kidole chake, akanionyesha mahali pa kugusa.